Laini Iliyosajiliwa kwa Jina la Kamaldin

Kamaldin alinunua maharage kwa meno. Wachuuzi wengine waliokuja Kashojwa, kambini kwetu, siku ya soko walileta kile kimashine cha kupima unyevu, wakakidunga kwenye gunia kama muuguzi anayedunga sindano, wakasoma namba, wakatikisa kichwa. Yeye aliingiza mkono ndani ya gunia mpaka kiwiko, akatoa punje za chini kabisa, zile ambazo mwenye gunia angependa zisionekane, akatupa moja mdomoni. Ikipasuka kwa mlio mkavu, alinunua. Ikibonyea, aliitema kando na soko zima likamsikia.

"Mama Joël! Hii maharage yako imeoga asubuhi?"

"Imeoga na nani, weye Haji wa uongo?" Marie alimjibu. "Makka hujafika hata siku moja, na uko nadanganya bantu."

"Makka nimefika kwa redio. Anika hii kitu, nyabo, halafu nitarudi."

"Utakuya kukuta niliuzisha kwa wenzako."

"Wauzie. Itaota miti ndani ya lori yao."

Watu walicheka, Marie naye akacheka, akaanika. Hakuwauzia wengine. Alimngoja yeye, kama tulivyomngoja sote.

Naandika habari za mtu huyu kwa sababu waliomchukua wanasema hawamjui. Asiyejulikana na serikali yake na ajulikane angalau na wasomaji.

Alizaliwa Mbarara, mji wa Uganda, mtaa wa Nyamityobora. Mama yake alipika bushera, ule uji wa mtama, na kuiuza kando ya barabara. Baba yake alizunguka vijijini akinunua ngozi za ng'ombe. Kaka yake, Edirisa, alipelekwa kusoma dini akawa imamu. Kamaldin hakupenda kukaa darasani. Alimfuata baba yake, na humo njiani akajifunza kila lugha iliyokuwa na kitu cha kuuza. Alimwoa Zaharah, binti wa ng'ambo ya mto Rwizi, huko Nyamitanga, mwanamke mrefu mwenye sauti ndogo ambayo hakuwahi kuipandisha, wala hakuhitaji.

Sisi tuliotoka Kivu Kusini tulipofika kambi ya wakimbizi ya Nakivale tulipewa kipande cha ardhi na jembe. Tulilima. Wanunuzi wa mjini walitujia kama watu waliokuja kuokota. Hawakushuka garini, walitupigia honi. Kamaldin alikuja kwa baiskeli, akashuka, akasalimia, akauliza tumetoka wapi na tumemwacha nani. Marie, ambaye mume wake alibaki kwenye kaburi la kando ya njia huko Fizi, alitaka kumkirimu mgeni huyo, lakini alijua Mwislamu hali nyama ya kwetu. Basi akamfunga kuku miguu, akamletea pamoja na kisu.

"Chinja mwenyewe. Miye nitapika tu."

Tangu hapo ikawa desturi. Kila msimu wa kuvuna, kuku wa Marie alichinjwa na Kamaldin, nasi tulikula sahani moja, Wakristo wa Kongo na Mwislamu wa Ankole, bila mtu wa shirika lolote kuja kutupiga picha na kuandika kwamba tunaishi kwa amani. Magunia aliyachukua leo kwa neno la mdomo, akalipa akirudi. Biashara ya namna hiyo imekufa, na vijana wakiisikia wanadhani nasimulia ndoto.

Kisha zikaja simu. Wakati ule laini ilitaka kitambulisho cha taifa, na kadi ya mkimbizi ilipofikishwa dirishani iligeuzwa huku na huku kama noti bandia. Marie alikuwa na dada mgonjwa Uvira na hakuwa na njia ya kumsikia. Kamaldin aliona huo ni upuuzi mtupu. Akaenda mjini, akaweka kidole chake kwenye mashine, akarudi na laini ya Marie. Mbele ya serikali ilikuwa laini ya Kamaldin. Mbele yetu ilikuwa ya Mama Joël. Jirani yake Appolinaire naye akaomba, akapata. Na wengine. Kamaldin aliazima jina lake kama mtu anavyomwazima jirani jembe.

Hakuna aliyeona kosa, na mimi nisingeliona. Tulikolelewa, jina la mtu mwema lilikuwa kitu cha kuazimwa. Kijana akisafiri mbali aliambiwa: fika, sema umetumwa na fulani, utapewa kitanda. Nani angetuambia kwamba siku hizi jina linawekwa kwenye mashine, na mashine inakaa kulisikiliza?

Ukaja mwaka wa mabomu ya Kampala. Redio ikasema wanajeshi wa Uganda wamevuka mpaka kuwang'oa magaidi kwa mizizi ndani ya Kongo. Sitamtetea gaidi. Wanaochinja watu Beni wamechinja ndugu za watu ninaoishi nao, na siku ile mizinga ilipoanza kuna waliopiga vigelegele hapa Kashojwa. Joël, mtoto wa pekee wa Marie, akasikia kwamba barabara za upande wa Kasindi, ng'ambo ya mpaka, sasa ni salama na kuna kazi ya kubeba kakao. Redio ilisema hivyo, tena kwa sauti ya afisa. Mama yake akampa ile laini, kwa kuwa karibu na mpaka mtandao wa Uganda unashika.

"Unipigie kwa Appolinaire kila Siku ya Mungu," alimwambia. "Usipopiga nitakuya mwenyewe kukupiga."

Alipiga Jumapili kadhaa. Kisha lori alilopanda likachomwa kwenye barabara ile salama. Waliokuwa msituni hawakung'olewa. Walisukumwa tu, nao wakasogea pale walipo watu. Mwanamume mmoja aliyetoroka kwenye lori alituletea habari kwamba Joël hakutoka. Simu yake haikuonekana.

Marie hakukubali. Aliazima simu ya Appolinaire, akapiga namba yake ya zamani asubuhi na jioni. Siku moja ikapokelewa. Nilikuwepo. Alisimama mlangoni kwa Appolinaire, akaziba sikio la pili.

"Joël? Ni weye, mwanangu? Sema tu kidogo."

Mtu alikuwa anapumua upande wa pili. Ndege walilia. Kisha ikakatwa. Tangu siku hiyo nani angemzuia kupiga? Alipiga, alipiga, na walioshika simu ya mwanawe wakawa nao wanapiga wanakotaka. Basi mashine ikaona laini mbili za mtu mmoja, Mwislamu, mfanyabiashara wa Nyamityobora, zikiitana kuvuka mpaka hadi kwenye msitu wa magaidi. Mashine haikujua kuwa huyo ni mama anayemtafuta mtoto. Kazi ya kujua ilikuwa ya watu, nao hawakuifanya.

Walimchukua Kamaldin mchana, watu wakinunua. Gari jeupe lisilo na namba lilisimama mbele ya kibanda chake cha duka huko Nyamityobora, wakashuka wanaume wenye suruali za jinzi na bunduki. Hawakutaja jina lao wala kosa lake. Mahadi, fundi cherehani wa kibanda cha jirani, alisimama na kipande cha kitambaa mkononi.

"Ssebo, mnampeleka wapi huyu?"

"Unataka kujua? Panda uone."

Wakampandisha na yeye.

Mwenyekiti wa mtaa hakuwa na habari. Kituo cha polisi hakikuwa na habari. Hapa niseme jambo ambalo halitanipendezesha kwa mtu yeyote. Nchi niliyoikimbia ilikuwa mbaya, sitaisafisha. Lakini nilipokuwa kijana, askari wake wakija kumkamata mtu walipita kwanza kwa chifu, chifu akaja nao mpaka mlangoni, mtu akaitwa kwa jina lake na jina la baba yake. Alifungwa, labda alipigwa, lakini mke wake alijua apeleke wapi chakula. Sasa tuna serikali zenye ndege zinazoona mbuzi usiku, na mke hajui apeleke wapi chakula.

Zaharah alikipeleka hata hivyo. Alizunguka vituo na sufuria yake imefungwa kitambaa, matoke na nyama, na kila lango lilimrudisha.

Mahadi alitupwa kando ya barabara baada ya majuma kadhaa, akiwa hai. Hakuweza kukaa, alilala kifudifudi na kuzungumza na sakafu. Alimwambia Zaharah kwamba waliuliza jambo moja tu. Namba hii ni ya nani? Waliisoma mara nyingi mpaka Mahadi naye akaishika kichwani. Na Kamaldin alijibu kila mara neno lile lile.

"Alisema nini?" Zaharah aliuliza.

"Alisema: niligawa laini, nimesahau nilimpa nani."

Nimesahau! Mtu aliyekumbuka ni nani aliyemuuzia maharage mabichi miaka kumi iliyopita.

Siku ya soko Zaharah akaja Kashojwa. Hakuwahi kufika kabla. Alisimama palepale mume wake alipokuwa akitafuna punje, akaisoma ile namba kwa sauti yake ndogo, tarakimu moja moja.

"Nani alikuwa na hii namba? Sitaki kumshitaki. Nataka aje aseme tu."

Nusu ya watu waliosimama pale walikuwa na laini zenye jina la mume wake mfukoni. Wakatazama magunia. Mwanamume mmoja akazima simu yake polepole, kama mtu anayefumba macho ya maiti. Marie alikuwa nyuma ya gunia lake, na kitambaa cha kichwa kimeshuka usoni. Zaharah akaisoma tena, akangoja, akaondoka.

Kesho yake Marie alikuja kwangu.

"Papa Léonidas, ile namba ni ya kwangu."

"Najua."

"Kamaldin hakusahau."

"Hapana. Hakusahau."

Alikuna udongo kwa kidole cha mguu. Aliogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa. Mkimbizi akichukuliwa hakuna hata mtu wa kuzunguka na sufuria. Kisha akasema, "Twende. Miye sijui kuzungumuza na bakubwa. Utanisaidia kusema."

Alitoka nyumbani na blanketi chini ya kwapa, ndani yake amekunja kitenge cha kubadilisha na sabuni. Kuku wake alikuwa amempa mke wa Appolinaire. Alijiandaa kwa gereza kama mwanamke anavyojiandaa kwenda kujifungua.

Zaharah alitupokea mlangoni. Marie hakungoja kukaribishwa.

"Mama, ile namba ilikuwa yangu. Nilipatia mutoto wangu. Bakamuua, bakabeba simu. Bwana yako hana kosa hata kidogo."

Zaharah alisimama palepale mlangoni.

"Ulikuwa sokoni siku ile?"

"Nilikuwa."

"Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Toka kwangu."

Tulitoka. Tulikuwa tumefika barabarani tuliposikia kandambili nyuma yetu. Zaharah alikuwa amevaa hijabu ya kutokea, na uso wake umelowa maji ya bomba.

"Yeye alikaa kimya kwa ajili yako," alimwambia Marie. "Sasa wewe nenda useme kwa ajili yake. Tunaenda saa hii, kabla hujaogopa tena."

Ofisi tuliyokwenda sitaitaja. Tulipitishwa mlango mmoja hadi mwingine, mpaka tukakaa mbele ya kijana mwenye shati safi na simu mbili mezani.

"Muzee, munataka nini hapa?"

Nilianza hotuba yangu niliyoipanga njiani. Zaharah akanikata.

"Mume wangu Kamaldin alichukuliwa kwa sababu ya namba ya simu. Namba haikuwa yake. Mwenyewe ni huyu."

"Kamaldin nani? Hapa hatuna Kamaldin."

Marie akaweka blanketi juu ya meza, kando ya zile simu.

"Munifunge miye. Laini ilikuwa yangu. Niko tayari, ona, nilikuya na bulangeti. Yeye mumuachilie aende kwa batoto yake."

Kijana alilitazama blanketi. Akacheka, si kwa ubaya, kama mtu aliyeletewa kitu kwenye nyumba isiyokuwa yenyewe.

"Mama, nikufunge kwa kesi gani? Kesi haiko. Mtu hayuko. Sasa wewe unamletea ushahidi nani?"

"Ule mwenye mulibeba."

"Sisi? Mliona namba ya gari?"

"Gari haikuwa na namba," Zaharah akasema.

"Basi, labda ni wezi."

"Wezi gani wanaacha droo ya pesa wanabeba mwenye duka?"

Kijana alishusha macho kwenye simu yake moja. "Nyabo, nchi iko kwa vita. Vita na magaidi si mchezo. Hawa watu wanalindia nyinyi. Sasa nisaidieni, kuna wengine wanangoja nje."

Nimesoma vitabu vingi peke yangu, kwa taa ya mafuta, bila mwalimu, na nilisadiki yaliyoandikwa humo: kwamba ukweli ukifika mbele ya mwenye mamlaka, kazi imebaki kwake. Nilikuwa mjinga. Hawakuukataa ukweli wetu. Hawakuwa hata na mahali pa kuuweka. Ukimkana mtu, umekana na kila kinachoweza kumwokoa, na mwanamke aliyekuja kujitoa afungwe anarudishwa nyumbani na sabuni yake.

Ukapita msimu wa maharage, ukaja mwingine. Redio iliendelea kushinda vita. Ilisema siku moja kwamba mfadhili wa magaidi ameuawa katika mapigano ng'ambo ya mpaka, haikutaja jina. Watu wa Nyamityobora walilijaza jina wenyewe. Wateja wakapungua kwenye kibanda, na wengine wakaanza kupita upande wa pili wa barabara, kwa kuwa mtu akishaitwa gaidi hata sukari ya mke wake inaogopwa.

Ndipo Edirisa, kaka yake imamu, akaamua Kamaldin aswaliwe swala ya maiti asiyekuwepo, Ijumaa, baada ya swala kuu. Si mtu mbaya Edirisa. Alikuwa amekonda. Aliona watoto wa ndugu yake hawajui kama ni yatima, na shemeji yake hawezi kukaa eda wala kuvaa nguo ya furaha. Alitaka pawe na mwisho. Marie alipata habari, akaja kutoka Kashojwa na wanawake wanne wa kwetu, wamefunga vitambaa vya msiba kichwani, wakaketi nje ya ukuta wa msikiti. Nami nilikaa nao.

Zaharah hakuwa ameulizwa. Alifika safu zilipokwisha kupangwa, Edirisa ameinua mikono kukaribia masikio. Akasimama kwenye mlango mkubwa, mlango wa wanaume, viatu vyao vimetapakaa miguuni pake.

"Sheikh, unamswalia nani?"

Vichwa viligeuka.

"Zaharah, tunamswalia mdogo wangu. Nenda upande wa wanawake."

"Nani alikuambia amekufa?"

Edirisa akageukia tena kibla.

"Ulimwosha? Ulimvika sanda?"

"Dini inaruhusu kwa mtu ambaye mwili wake hauko."

"Aliyekufa, Sheikh. Na huyu, nani amesema amekufa? Wao wanasema hawako na yeye. Leo mkimswalia, kesho nikienda kuuliza wataniambia, nyinyi wenyewe mlimzika, unatafuta nani tena? Mtakuwa mmewamalizia kazi."

Mzee mmoja wa safu ya mbele akanong'ona kwamba si adabu mwanamke kusema hivyo msikitini. Hakuna aliyemuunga mkono. Edirisa aliteremsha mikono. Alipozungumza tena haikuwa sauti ya imamu, ilikuwa ya mtoto aliyelala kitanda kimoja na Kamaldin huko Nyamityobora.

"Tutakaa hivi mpaka lini?"

"Mpaka waseme. Hata ikiwa ni mfupa, waseme wao kwa mdomo wao."

Safu zikavunjika. Walianza walio nyuma. Walitoka mmoja mmoja, wakainama kutafuta viatu vyao kati ya miguu ya Zaharah, naye hakusogea, wala hakuna aliyethubutu kumwomba asogee. Wengine walivaa kiatu kisicho chao na kuondoka hivyo hivyo. Marie alikifungua kitambaa cha msiba kichwani mwake, akakikunja, akakikalia. Wenzake wakamtazama, wakafungua vyao.

Edirisa alibaki peke yake ndani, ameelekea kibla, hawezi kuanza na hawezi kutoka. Tuliona mabega yake yakitikisika.

Zaharah hakulia. Alikuwa amejikataza, kwa sababu kilio chake nacho wangekichukua kuwa ushahidi kwamba mume wake amekufa.